Wasifu Uliokataa Kufunguka

Baba alichukia wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini. Alisema mtu akishakufa tu anageuzwa mzee wa kanisa. Kwa hiyo mwishoni mwa 2007, akiwa amelazwa Nakuru na anajua haponi, aliniagiza niandike wake angali hai. Nilibeba kompyuta mpya ya ofisini, nikaketi kando ya kitanda, yeye akisema, mimi nikichapa.

Mwisho kabisa alitaja wa kuusoma: jirani yetu wa Kuresoi, mtu wa kabila lingine, waliyelima naye viazi miaka ishirini.

"Asome yeye," alisema. "Nyinyi mtanipamba bure."

Printa ya ofisi ilikuwa kuukuu, na kompyuta ile ilikuwa na mfumo uliotoka mwaka uleule. Havikuelewana hata kidogo. Nikaweka faili kwenye flashi, nikairudisha kompyuta ofisini, nikajiambia nitaichapisha Molo, karibu na nyumbani. Nikatulia, mjinga mimi.

Baba akafariki, kisha vurugu za uchaguzi zikafunga njia. Zilipopungua ndipo tulipompeleka nyumbani. Siku moja kabla ya mazishi nilisimama Molo katika duka la kuchapa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Kompyuta yao ilikuwa bado na mfumo wa mwaka wa tisini na nane. Nilichomeka flashi, haikuiona.

"Boss, hii mashine ni ya kitambo," mwenye duka aliniambia. "Inataka CD ya driver ndio isome flashi, na sina. Jaribu pale studio ya picha, yao ni ya juzi juzi."

Ya studio iliiona flashi, hata faili ikaifungua. Lakini programu yao ya kuandikia ilikuwa ya zamani kuliko yangu: kurasa nzima za visanduku na alama, neno la baba hakuna hata moja. Nilimfokea mwenye studio, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Jioni baba mdogo aliniuliza wasifu uko wapi. Nikamwambia umekataa kufunguka.

"Basi pasta ataandika," akasema. "Kuna mtu yeyote ambaye mzee alisema asome?"

Boma lilijaa watu wenye hasira, wengine wamechomewa nyumba na watu wa kabila la jirani yetu. Kumtaja jirani yule bila karatasi mkononi, nani angeniamini? Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa, na nilishukuru kwamba mashine zilinipa kisingizio.

"Hakuna," nilijibu.

Kesho yake pasta alimfanya baba mzee wa kanisa. Jirani alikuja peke yake, akasimama kando ya ua, kofia mkononi, mpaka kaburi likafunikwa. Watu walipoanza kutawanyika akanifuata.

"Mzee aliniambia nitasoma mimi," alisema kwa upole. "Nimekuja na miwani."

"Mashine ilikataa," nilimwambia.

Akaitazama ile miwani, akairudisha mfukoni.