Ngano ya Mchana

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliona ngano ikila sauti ya mama yangu, tena mchana kweupe, hapa Malaba. Huamini? Usiamini. Njoo uulize mwenyewe. Kila mtu atakuambia, isipokuwa mama.

Mimi shule niliacha darasa la sita, na waliopata hasara ni walimu. Lakini mambo ya wasanii usinifundishe, nimezaliwa ndani yake. Mama alikuwa na kikundi cha watu wanne. Mjomba alipiga litungu, kile kinanda cha nyuzi saba, dada wawili wa kanisani walipiga ngoma na kucheza, naye mama aliimba, akasimulia, akaigiza sauti zote: ya mzee, ya mbuzi, ya polisi. Walicheza pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka kwenda Uganda, kwa sababu dereva aliyekwama siku mbili hana pa kukimbilia. Ngano zilikuwa za wazee wetu. Shida zilizowekwa ndani zilikuwa za juzi.

Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, hakupenda. Ngano ni ya jioni, alisema, kazi zikiisha na watoto wakikaa. Ukiisimulia jua likiwaka inakosa pa kulala, inakuja kulala kooni mwako. Mama alicheka tu, akamwambia hata vibanda vya sokoni huvunjwa mchana.

Maana kulikuwa na bwana mmoja, mwenye maghala, aliyetaka uwanja ambako akina mama walikuwa wakiuza mboga na omena, wale dagaa wa ziwani. Walikuwa wamepewa wiki mbili wahame. Basi mama akatoa ngano ya Fisi aliyeomba kona ndogo kwenye shimo la sungura, akaishia kulimiliki lote. Hakutaja mtu. Hapo ndipo palikuwa na akili yake: ngano haina jina la mtu, aliniambia, na nani atampeleka fisi kortini?

Siku ile watu walijaa, wengine wakapanda juu ya matangi ya malori. Dereva mmoja Mganda akamchokoza, "Nyabo, na huyo fisi wako amelipa ushuru?"

Mama akachechemea kama fisi mpaka kwake, akamnusa mifuko. "Fisi hulipiwa, boss."

Walicheka. Wauza mboga walikuwa wanalia. Sijaona tena mtu akishika watu namna hiyo, na nimeona wengi wanaojiita wasanii.

Asubuhi iliyofuata vijana watatu walimkuta bombani akiteka maji. Walimkanyaga shingo. Alilazwa wiki nyingi, akarudi nyumbani akitembea vizuri, ila koo lilitoa hewa tu. Vibanda vilivunjwa. Mjomba alivuka ng'ambo na litungu lake, hakurudi. Hakuna aliyeimba juu ya hilo.

Kukhu alikaa mlangoni, akasema neno moja: "Nilimwambia."

Tukaamini. Mimi niliamini kwa kelele kuliko wote. Siku hizi ni utingo wa lori, na tukikwama kwenye foleni nawasimulia madereva jinsi ngano ya mchana ilivyomla mama, na nasimulia vizuri, uliza yeyote. Kukhu alizikwa akimlaumu binti yake. Sikumzuia.

Sasa kuna kipande huwa nakiruka. Siku ile ile ya ngano ya Fisi, watu walipotawanyika, kijana mmoja aliniita, akaniacha nipige honi ya pikipiki yake. Akasema mama yangu ni moto, lakini yeye mwenyewe ni mjinga kidogo, hajaelewa: huyo fisi ni nani hasa? Nilifurahi kupata mtu mzima asiyejua kitu ninachokijua mimi. Nikamtajia jina la yule bwana, na la baba yake juu, nikamwambia mama ndiye aliyemgeuza fisi, jikoni, akicheka. Hakuwa ameniuliza hayo yote.

Mama hajui. Ama anajua. Nikimpelekea uji ananitazama, na mimi naongea, naongea, mpaka amalize kikombe.