Kompyuta ya Sebuleni na Mkono wa Kushoto

Mtaa mzima ulimwita Rula, na wengi walikuwa wameshasahau jina alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mpima ardhi, mtu wa kupanda vilima na darubini begani, na hata baada ya kustaafu hakuweza kukaa katika chumba bila kujua upana wake. Mkewe, mkunga mstaafu, alizoea kumtania: "Wewe hata jeneza lako utalipima mwenyewe, kisha ulikatae."

Siku hizi utani huo haukusikika tena, kwa sababu mwaka uliopita kiharusi kilimpata mama huyo, kikamlegeza mkono wa kulia na kumfungia maneno. Akili ilikuwa timamu, macho yalicheka kama zamani, ila neno moja tu lilimtoa jasho.

Siku zake alizipitisha kwenye kochi, mbele ya televisheni. Kuliko filamu yoyote, alipenda video za familia ambazo Rula mwenyewe alikuwa amezipiga kwa miaka mingi. Diski za video hizo zilikuwa zimeanza kukwama. Basi Jumamosi moja asubuhi mkamwana wao, fundi wa kompyuta katika chuo kimoja, akaja na kompyuta ndogo yenye unene wa kamusi, iliyomaliza kazi yake ofisini. Akaichomeka kwenye televisheni, akahamishia humo kila kitu, akampa mama mkwe rimoti.

"Mama akitaka kutazama, anabonyeza tu," alisema.

Rula akachukua daftari. Tangu kuwasha mpaka picha kutokea, ile "anabonyeza tu" ilikuwa mibonyezo tisa. Na Jumatano, katikati ya video ya harusi ya mwana wao, bibi harusi mguu mmoja hewani akishuka ngazi, picha ikakatika. Kompyuta ikatangaza kwamba inajisasisha, wenye nyumba wasubiri. Wakasubiri dakika ishirini na sita. Mkewe akaikodolea macho, akavuta pumzi, akaitafutia neno mpaka akalipata:

"Mle... vi."

Rula akacheka hadi akakohoa, kisha akampigia simu mkamwana.

"Mwanangu, hii kompyuta imekuacha ukining'inia kwenye ngazi."

"Poleni, baba. Huo ni mfumo endeshi uliokuja nayo, umepangwa kwa kazi za ofisi. Si lazima tubaki nao."

"Mfumo endeshi ndio nini hasa?"

Hapo mkamwana akajua chai yake itapoa. "Ni kama msimamizi wa jengo, baba. Ndiye anayefungua milango, anawasha taa, anaamua nani aingie lini. Jengo linabaki lile lile, lakini msimamizi anaweza kubadilishwa."

"Na mtu anaweza kumjaribu kabla ya kumwajiri?"

"Anaweza. Namweka kwenye flashi, kompyuta inawaka kutoka humo. Ukiichomoa, yule wa zamani bado yupo."

Habari hiyo ilimwingia Rula kama sukari. Alikuwa akidhani kompyuta huzaliwa na akili yake na kufa nayo. Wiki iliyofuata mkamwana akamletea flashi mbili, zote za Linux, mfumo endeshi usiolipiwa. Nyekundu ilikuwa na mfumo kamili: kuna uso wa kompyuta wenye alama zake, mafaili na folda, na programu ya sinema inajifungua yenyewe mwanzoni. Nyeusi haikuwa na hayo yote. Ukiwasha, unakuta orodha ya filamu yenye picha kubwa, basi.

Rula akaingia kazini. Alihesabu mibonyezo, akapima sekunde kwa saa ya mkononi, akatega sikio kwenye feni ya kompyuta kama daktari kifuani pa mgonjwa. Nyekundu ilichukua sekunde arobaini na moja na mibonyezo minne. Nyeusi, sekunde kumi na tisa, mibonyezo mitatu.

"Namba zimesema," akatangaza mezani. "Nyeusi."

Lakini alipoichomeka, mkewe alisukuma rimoti pembeni. Akaonyesha flashi nyekundu.

"Lakini hii ni nyepesi zaidi, mama!" Rula akamwambia.

Akaonyesha tena. Mara ya tatu alikuwa amekunja uso, na Rula aliujua uso huo tangu ujana. Akachomeka nyekundu na, jambo ambalo si kawaida yake, akaweka daftari kando na kutazama.

Mkewe akatoka kwenye programu ya sinema. Akajivutia kibodi ndogo ambayo mkamwana aliisahau mezani, akaiweka mapajani. Akafungua folda ya video. Kila moja ilikuwa na namba tu, ile iliyopewa na kamera. Akachagua 00417, akaifuta namba, na kidole cha mkono wa kushoto kikaanza kutafuta herufi moja moja.

*mvua imeingia jikoni*

Rula akasoma. Tangu kiharusi hakuwa amepata maneno matatu mfululizo kutoka kwa mkewe. Akaifungua video, na kweli, ndiyo siku ile maji yalipofika vifundoni, mama huyo kasimama juu ya stuli na sufuria kichwani, akimfokea mpiga picha aweke kamera chini ashike ndoo.

"Umeanza lini haya?"

Mkewe akapandisha folda juu. Kumbe video zenye majina zilikuwa kumi na moja tayari. Kila Rula alipotoka kwenda dukani, yeye alifanya kazi. *kaka analia meno. bibi anakataa picha. rula anakimbizwa na bata.*

"Hiyo ya bata futa," Rula alisema, akageukia dirisha kidogo, akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Jumapili mkamwana akaja kuuweka mfumo wa nyekundu moja kwa moja. Akakuza maandishi, akaondoa alama zisizo na kazi, akauambia usijisasishe mpaka uombwe. Rula alikaa nyuma yake akiuliza kwa nini, kwa nini, hadi mkamwana akamwomba aende akachemshe maji.

Mwezi ulipokwisha, video mia moja na arobaini zilikuwa na majina. Kisha wakafika 00652: mwanamke wa gauni la kijani anapunga mkono getini, sekunde kumi na moja. Rula hakumkumbuka hata kidogo. Mkewe naye akaandika: *nani huyu*. Wakamtumia mkamwana, wakamtumia kaka wa mkewe, wakamtumia wifi, dada wa Rula. Siku mbili nyumba nzima haikuwa na mazungumzo mengine.

Siku ya tatu wifi akapiga simu. "Jamani, si yule mwalimu mpangaji wenu wa chumba cha uani!"

Mkewe akapiga paja kwa kiganja. Akavuta kibodi, akafuta, akaandika polepole: *mwalimu mpangaji anahama*. Akafikiri kidogo, kisha akaongeza: *na sufuria yangu kubwa*.