Maji ya Kuku Yaliyogeuka Kijani

Kuku wa shangazi yangu, pale Kimilili, walikuwa wakiharisha na kufa, na wakwe wa binti yake walikuwa waje Jumamosi. Kwetu mkwe hapewi nyama ya buchari, huchinjiwa kuku. Nilitoka Kitale nikiwa na pamanganeti niliyonunua kwa muuza dawa, chembe nyeusi zilizofungwa kwenye karatasi. Haitibu kuku, nilimwambia, ila inaua vijidudu kwenye maji ya kunywa.

"Karatasi haina hata jina," alisema. "Wewe uliacha shule darasa la saba. Nani alikufunza udaktari?"

"Nilisoma kwa simu, shangazi."

Alinipa jagi la maji. Nilitia chembe chache, maji yakawa zambarau, kama nilivyotarajia. Kisha, tukiwa tunatazama, yakageuka kijani, halafu yakawa kahawia kama chai ya rangi.

"Ati dawa," alisema, akiwafukuza kuku. "Si useme tu nani amekutuma na sumu."

Mimi nilimshuku yule muuza dawa wa Kitale, huenda aliniuzia bandia. Nilianza kumwaga maji, nikahisi yanateleza vidoleni.

"Jagi hili lilikuwa na nini?"

"Munyu tu."

Munyu ni maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, tunayopikia mboga za kienyeji zilainike. Ndani ya pamanganeti mna manganizi iliyobeba oksijeni nyingi. Ikikutana na uchafu huipoteza, na rangi hushuka hadi kahawia. Kwenye munyu mkali hupitia kijani kwanza.

Nilisuuza glasi, nikatia maji safi na chembe moja. Zambarau ilibaki zambarau. Niliongeza munyu, na sukari kidogo badala ya uchafu, ikawa kijani.

"Sasa nitajuaje si wewe unaifanyia mazingaombwe?" aliuliza. Lakini aliniachia kuku, na kila asubuhi alisimama nyuma yangu nikichanganya maji yao, ya waridi hafifu. Hakufa mwingine.

Jumamosi, kabla wakwe hawajaketi, aliniita jikoni. Kwenye sahani kulikuwa na firigisi, ile ambayo kwetu hupewa mwanamume mkubwa wa nyumba au mgeni wa heshima. Nilitunisha kifua, nikaitia mdomoni.

Ndipo nikaona sahani za wageni bado tupu. Shangazi alikuwa amesimama na mwiko, hapakui, ananitazama nikitafuna.

"Meza," alisema. "Kisha kaa hapo kidogo."