Punda wa Karani na Riwaya ya Wifi

Enzi za Mwingereza, mimi na wifi yangu tulikuwa na desturi ambayo majirani wa kijiji chetu cha Akheri, huku mlimani, waliiona ni uvivu. Kila Jumatano akipanda kutoka mjini, tulikaa kwenye kichanja cha kahawa, tukichambua punje mbovu, na kila mmoja akamweleza mwenzake anasoma nini na amefika wapi. Mimi nilikuwa na darasa la nne la misheni. Yeye alifika la sita, akaolewa na Mchaga mwenye duka Arusha, na huko dukani hakuna aliyemkataza kusoma. Ni dada mkubwa wa mume wangu, kwa hiyo kwanza nilimpa shikamoo yake, ndipo utani uanze.

Nilikuwa naandika kwenye daftari: "Wifi, riwaya, sura ya tatu. Mimi, punda." Daftari hilo ninalo mpaka leo, ila liliwahi kunyeshewa, na mahali pengine siuamini hata mwandiko wangu mwenyewe. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Punda ilikuwa hadithi ya picha gazetini, ya karani mnene wa Bwana DC na punda wake asiyetii amri. Mume wangu alikuwa fundi seremala Ngarenaro, huko huko Arusha mjini. Alikuja Jumamosi mchana na kuondoka Jumapili baada ya ibada, na kila alipokuja aliniletea magazeti ya zamani ya karakana. Tatizo ni kwamba yalikuwa na mapengo. Wiki hii punda yuko mtoni, wiki inayofuata yuko barazani amevaa tai, na katikati sijui kilichotokea.

"Mengine yako wapi?" nilimuuliza.

"Yamefungiwa misumari," alisema.

Nilikubali. Karakana ina misumari.

Basi Jumatano moja wifi akaniambia, huku anacheka peke yake, "Mimi nilivunjika mbavu pale punda alipokula kofia ya karani."

"Kofia gani?"

"Si ile yenye..." Akaishia hapo. Akainamia kahawa kama vile ameona nyoka ndani yake. "Basi, labda nimechanganya na nyingine."

Mimi sehemu ya kofia sikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya pengo.

"Wifi, kumbe ni wewe unayenificha magazeti yangu!"

"Mimi? Duka letu zima tunafungia sukari kwa magazeti, nije niibe ya kwako?"

"Sasa kofia uliiona wapi?"

"Chambua kahawa, mwanamke. Hizo mbovu unaziacha."

Usiku sikuandika kitu. Kesho yake nikaandika: "Wifi ananificha." Kisha nikalikata neno "ananificha", nikaweka "labda". Lile lililokatwa bado linaonekana.

Jumatano iliyofuata alikuja na riwaya mpya. Alikuwa nayo kwenye mkoba, imevalishwa karatasi ya kaki kama kitabu cha shule, na hakuitoa. Alinisimulia tu. Alisema ni habari ya mwanamume mpasua mbao, mtu mpole, ambaye ana mke mlimani na mwanamke mwingine mjini, na wa mlimani hajui.

"Huyo wa mlimani ni mjinga?" nikauliza.

"Si mjinga. Ana kahawa nyingi ya kuchambua."

Tukacheka wote wawili, mimi nikizidisha kidogo ili asione nimeshtuka.

"Enhe, endelea."

"Basi siku moja mwanamume akamwambia yule wa mjini, loshoro yako haina maziwa ya kutosha, kwetu hawapiki hivi."

Mkono wangu ulisimama juu ya kahawa. Vitabu vyote nilivyokuwa nimevishika, watu wake walikula wali, tende na samaki. Waandishi walikuwa watu wa pwani. Sikuwahi kuona kitabu kilichopigwa chapa ambacho ndani yake mtu anakula loshoro, mahindi na ndizi na maziwa mgando, chakula chetu sisi wa huku.

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Mwinjilisti wetu aliposoma habari za mtini, alituelezea kwa mgomba ili tuelewe. Huenda wifi naye alimwekea yule mtu loshoro kwa ajili yangu mimi wa darasa la nne. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kwenda kuteka maji, na njia nzima ya kurudi sikuweza kujiambia tena.

Kwa sababu mume wangu alikuwa ameniambia chumba cha Ngarenaro analala humo na mafundi wenzake wawili, si mahali pa mke kwenda. Miaka miwili sikuwahi kukanyaga. Mume si mbaya. Hakuwahi kuniinulia mkono, na paa la nyumba yetu halikuvuja hata mvua ya Aprili. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu: chumba kile kina nani.

Jumamosi nikamwekea chakula, nikauliza, "Baba mtoto, wenzako wa chumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na yule aliyekuwa anaumwa tumbo?"

"Amepona. Anakula vizuri."

Hakuna aliyekuwa anaumwa tumbo. Nilimtunga mwenyewe palepale, na baadaye niliona aibu, maana mtu aliyechoka huitikia chochote ili amalize kula. Hata hivyo niliandika: "Amepona."

Jumatano wifi alipokwenda kumsalimia mama mkwe nyumba ya juu, aliacha mkoba kichanjani. Nikaufungua. Sijivunii. Nikakitoa kile kitabu, nikavua karatasi ya kaki, nikasoma haraka kwa kadiri ninavyoweza, kidole kikifuata mstari. Kilikuwa kitabu cha sultani mchoyo na fundi wa saa. Nikaruka katikati, nikaruka mwisho. Saa, saa, sultani, jahazi. Hakuna mlima, hakuna mbao, hakuna mke asiyejua. Huenda niliruka ukurasa wenyewe, mimi msomaji wa polepole. Lakini loshoro ningeiona.

Nikakirudisha. Alipokuja nilikuwa nimeinama kama nilivyokuwa.

Nilimkasirikia kwanza. Niliona ananichezea, ananitungia hadithi ya nyumba yangu ili acheke akirudi mjini. Halafu nikamtazama. Alikuwa anachambua vibaya, anatupa punje nzima nzuri. Mume wangu ni mdogo wake, wa tumbo moja. Angeniambiaje kwa mdomo wake?

"Wifi," nikasema, "katika riwaya yako, yule mke wa mlimani anafanyaje?"

"Sijafika hapo."

"Mimi nimefika."

Akanyanyua macho. Nafikiri aliona kaki haijakunjwa kama alivyoikunja yeye.

"Haya, amefanyaje?"

"Anapanda lori la ndizi, siku ya Jumanne, hamuagi mtu. Anakwenda kugonga mlango."

Nikasikia mbuzi wa jirani, nikasikia watoto wanatoka shule. Kisha akasema, bila kunitazama, "Asiende Jumanne. Jumanne yule wa mjini huwa hayupo, anakwenda kwa mama yake. Aende Alhamisi."

Niliandika kwenye daftari: "Wifi: Alhamisi." Neno hilo halikuloana.

Alhamisi nikaenda. Njiani nikaulizia chumba cha fundi seremala, nikaonyeshwa nyumba ya nyuma ya karakana, chumba cha tatu. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mdogo kuliko mimi, mikono ina unga. Alitazama viatu vyangu vyenye udongo mwekundu wa mlimani, akanitazama usoni, akajua.

"Karibu, dada. Yeye bado yuko kazini."

Alinipa kigoda. Nataka hilo liandikwe, alinipa kigoda na maji. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Akheri. Nikafungua mdomo, nikaona ukuta.

Ukuta mzima ulikuwa umebandikwa magazeti kwa uji wa ngano, kuzuia vumbi. Na karibu na kitanda, mstari kwa mstari, alikuwa karani mnene na punda wake. Mapengo yangu yote yalikuwa pale. Punda anatoka mtoni. Punda anaiba tai. Punda anakula kofia, kama wifi alivyosema, kofia yenye manyoya. Wifi hakuniibia hata karatasi moja, alikaa tu kwenye kigoda hiki akasoma ukuta. Mwanamke huyu alichagua kwanza picha nzuri, na zilizobaki ndizo zilizopandishwa mlimani. Miaka miwili nilikuwa nasoma mabaki.

Picha moja ilikuwa imebandikwa kichwa chini. Nikageuza shingo.

"Hiyo nilikosea, uji ukanikaukia," alisema taratibu. "Mimi sijui kusoma. Naangalia picha tu." Kisha, kama mtu asiyejizuia, "Eti hapo karani anamwambiaje punda?"

Ningeweza kukataa. Sijui mpaka leo kama nilifanya vizuri au nilifanya ujinga. Nilisimama, nikaweka kidole ukutani, nikaanza kumsomea tangu mtoni, kwa sauti, neno kwa neno. Tulikuwa tumefika kwenye kofia mlango uliposukumwa.

Mume wangu alisimama kizingitini, vumbi la mbao kwenye nyusi, gazeti kwapani. Nikamnyooshea mkono.

"Lete hilo," nikasema. "Leo naanza mimi."