Bunduki Mpya na Vumbi la Malishoni

Kaka yangu alikufa malishoni, kule chini ambako mashamba yetu ya mlimani Tigania yanaishia na nyasi kavu kuanza. Alikuwa polisi wa akiba, yaani mkulima kama sisi aliyepewa bunduki ya serikali kulinda mifugo dhidi ya wezi. Waliokuwa naye walisema wezi walipovamia, bunduki yake ilipiga mara moja, kisha ikakwama. Zaidi ya hapo sijui, na sitaongeza. Polisi waliichukua bunduki ile na hatukuambiwa lolote.

Baada ya mazishi niliombwa nishike nafasi yake. Ng'ombe wake walikuwa bado kule pamoja na wa majirani, na mjane wake hakuwa na mwanamume mwingine wa kumtuma. Nilikubali, lakini nilimwambia wazi kwamba sitalala bomani, kwenye zizi la kule malishoni, na bunduki nisiyoiamini.

Nikapewa mpya. Sajini wa polisi alinipeleka nyuma ya kituo, huku juu kwenye ukungu, akaweka debe mbele ya ukingo wa udongo. Nilipiga, na kila risasi ikatoka.

"Umeona?" akasema. "Hata bibi yako hakutii hivyo."

"Nimeona, afande. Lakini hapa ni matope. Kule ni vumbi."

"Kwani wewe unataka kuibeba ama unataka kuichumbia kwanza?"

"Nataka kuijaribu pale nitakapoitumia."

Nadhani alikumbuka mimi ni ndugu wa nani. "Haya. Kesho tunashuka wote. Na maganda ya risasi utaokota wewe."

Jioni niliisafisha. Sisi watu wa mlimani adui yetu ni kutu. Ukisahau panga nje, asubuhi limegeuka rangi, kwa hivyo chuma chochote tunakipaka mafuta bila ubahili. Kaka yangu alikuwa hivyo hivyo, bunduki yake iling'aa kama kikombe cha kanisani. Nami niliipaka yangu, ndani na nje, nikaridhika.

Kesho yake niliibeba nikiwafuata ng'ombe tangu asubuhi. Vumbi lilikuwa hadi kwenye meno. Jua lilipokuwa kali tulishuka kwenye mto mkavu, tukahakikisha mbele hakuna mtu wala mnyama. Nikapiga. Risasi ya kwanza ikatoka. Ya pili, kimya. Nilivuta mkono wa kuingizia risasi, ukakataa kusogea.

"Usigeuke! Mtutu uelekee mbele!" sajini akapiga kelele.

Aliichukua, akaifungua polepole. Ndani mafuta na vumbi vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, kizito kama uji wa wimbi. Hakucheka.

"Nani alikwambia upake hivi?"

"Hakuna. Ndivyo tunavyofanya nyumbani."

"Kule juu, sawa. Hapa mafuta yanashika vumbi."

Najua sote wawili tulimfikiria mtu mmoja, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa kwenye jiwe nikalia. Kaburini sikuwa nimelia. Sajini aligeukia ng'ombe kana kwamba anawakagua, akaniacha hadi nilipomaliza.

Kisha tukaifungua yote na kuipangusa kwa shati lake la ndani. Tuliacha mafuta kidogo tu, yale yaliyobaki baada ya kupangusa. Niliibeba tena kwenye vumbi hadi ng'ombe waliporudi kutoka kunywa maji kisimani, ndipo nikapiga tena. Haikukwama.

"Sasa umeridhika?"

"Bado kidogo, afande."

"Hizi ni risasi za serikali, bwana, si njugu!" Lakini alinipa nyingine, na zote zikatoka.

Nilipofika nyumbani shemeji yangu alikuwa anachagua mawe kwenye njahi, yale maharagwe meusi.

"Shemeji, imekubali?"

"Imekubali. Lakini nilivyokuwa nimeipaka mafuta jana, ingeniua."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Na yake?"

"Sijui. Ningekuwa najua ningekwambia."

Alitikisa kichwa taratibu, akaendelea kuchagua. Baada ya muda aliniuliza ni siku gani ninashuka bomani, maana njahi zinachelewa kuiva na alitaka nibebe chakula cha kutosha.

"Kesho," nikamwambia.

Akainuka kuweka sufuria motoni.