Nani Amehamisha Alunguli Kwenye Ordinateri Yangu?

Wandugu, leo nimeaibishwa ndani ya sekretaria yangu mwenyewe, mimi ninayeandikia Kindu muzima karatasi!

Mupwa wangu Zaina ameweka sistemu mupya ndani ya ordinateri, hii kompyuta yangu ya kazi. "Tonton, sasa iko muzuri."

Muzuri wapi?

Kwa ekra yangu, kile kioo cha ordinateri, kulikuwa picha ya muto Lualaba, unaokata Kindu mara mbili: Kasuku huku, Alunguli kule. Kazi za watu wa Kasuku niliziweka ngambo hii, za Alunguli ngambo ile. Kuandika majina juu yake ya nini? Najua kila mutu anakaa wapi!

Sistemu imefuta muto. Watu wote imewapanga musitari moja, kama askari.

Mama Salima wa Alunguli akaingia kuchukua mialiko ya ndoa ya binti yake. Nikafungua, ikatoka tangazo la kilio!

Mama Salima akapandisha sauti: "Tonton, pirogi ya kunivusha inaningoja! Si weye unajisifu ulimwandikia jenerali barua macho yamefungwa?"

(Na nilimwandikia kweli!)

Zaina akarudisha muto, anacheka. Alunguli akaiweka upande wa Kasuku, kazi zikachanganyika, mialiko hatukuiona.

Mama Salima amevuka mikono mitupu, na ndoa njo kesho kutwa.

Semeni, kosa ni langu? Wakati wa vita waasi walinipora mpaka mulango. Lakini hata mumoja hakuhamisha Alunguli!