Povu la Stroberi

Juzi huko Kibarani nilimkuta dada yangu Kadzo akimsimamia mjukuu wake apige mswaki. “Tema, mama. Usimeze.”

Nikakumbuka alasiri ile kule Adu, baba aliporudi kutoka kazini hotelini Bofa na dawa ya meno inayonukia stroberi. Maji tuliyateka mbali, na nyanya alituona tukisukutua.

“Nyie watoto, mwamwaga maji?”

Tukameza povu, siku hiyo na zote zilizofuata. Nilidhani tunaoshwa hadi tumboni.

Meno yangu ya ukubwani yalikuwa yameshaota. Ya Kadzo yalikuwa bado ufizini, yakatoka na madoa ya kahawia. Kwamba chanzo ni kule kuimeza ile dawa, msomi mimi nilielezwa nikiwa na mvi.

Katika picha zote za harusi yake Kadzo amefumba mdomo. Mumewe alikufa akiamini kwamba alilazimishwa kuolewa naye.